Mama Prof na Mlio Usiosema Kitu

Kila alipoingia chumbani alisikiliza kwanza, ndipo akasalimia. Wageni walidhani ana majivuno. Sisi tuliomzoea tulikaa kimya mpaka amalize, maana ukimwahi na salamu alikunyamazisha kwa kiganja akiwa bado mlangoni, kichwa kimeinama upande, anatafuta ni kitu gani kinacholia mle ndani. Ilikuwa taa ya neoni, au friji, au redio iliyoachwa wazi bila stesheni. Akishakipata alikitaja kwa jina, kisha akatupa mkono mmoja mmoja na kuuliza habari za nyumbani kwa urefu wake wote.

Tulimwita Mama Prof. Alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kanisa letu pale Kamina, na kwa kuwa kwetu mwalimu wa sekondari huitwa prof, jina lilijitunga lenyewe. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kanisa, ng'ambo ya uwanja wa shule. Nilimjua miaka yote ile ambayo nchi ilibadilisha jina, bendera na pesa, na vita vikaja mara mbili. Nitasimulia habari zake jinsi nilivyomwona, bila kufuata miaka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kufuata foleni.

Adui yake alikuwa mmoja tu: ule mlio wa "mmmm" unaotoka kwenye spika wakati hakuna mtu anayesema. Watu wengine huuzoea baada ya dakika chache. Yeye alikuwa kama mtu mwenye punje ya mchanga jichoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini anauchukia hivyo, na yeye nyumbani kwake kuna kelele kuliko sokoni. Alifuga bata, kundi zima, na majirani walikuwa wamechoka nao. Jirani mmoja alimlalamikia mbele yangu kwenye ua wa miti.

"Mama Prof, bata bako banatupasula kichwa tangu asubui."

"Bata bangu banasema kitu," alijibu. "Banasema njala iko, ao nyoka iko. Kelele inasemaka kitu. Ile mulio ya mu bafle, mu spika, haisemi kitu, na inafunika benye kusema. Njo maana minyi naichukia."

Jirani alimwomba basi awalishe hao bata mapema. Hakuna bata aliyelishwa mapema.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa sauti ndogo. Darasa lake lilisikika mpaka ofisini kwangu, na nikajifunza sheria za umeme bila kutaka, nikiwa napiga chapa barua za mchungaji. Ilikuwa miaka ambayo mshahara wa serikali ulikuwa hadithi, wazazi wakawalisha walimu kwa mahindi na unga wa muhogo, na umeme wa mji ulikuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Alifundisha umeme bila umeme. Aliwapanga wanafunzi mstari kutoka ubaoni hadi mlangoni, akawaambia wapitishiane mawe mkono kwa mkono, kisha akamtoa mmoja katikati na kuuliza kwa ukali kwa nini mawe yamesimama. Wanafunzi walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, na wengi wao hata leo ukiwakuta wanaweza kukueleza mkondo wa umeme kwa mawe.

Njia yake ya kuondoa mlio haikuwa na siri. Alichomoa kitu kimoja, akasikiliza. Kama mlio ungalipo, alikirudisha, akachomoa kingine. Hakukubali kuchomoa viwili kwa pamoja hata kama ungemwambia jua linazama.

"Toa ile prizi. Iko? Bado iko. Basi haiko ile, rudisha. Toa ingine."

"Mama, tunajua ni grupe," shemasi alimwambia siku moja, akimaanisha jenereta iliyokuwa nyuma ya kanisa.

"Unajua ao unawaza?"

"Nawaza."

"Basi nyamaza, bwana, tusikie."

Na hayo aliyafanya ibada ikiendelea. Mchungaji alikuwa amefika katikati ya mahubiri, Mama Prof akainuka kutoka viti vya akina mama, akatembea mpaka mbele na kuanza kuchomoa nyaya, moja moja, huku sauti ya mchungaji ikipotea na kurudi kwenye spika. Watu waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Mlio ulipokatika, kanisa zima lilishusha pumzi bila kujua kwamba lilikuwa limeibana. Mchungaji akasema "Amina", na Mama Prof akarudi kitini pake akiwa ameshika kipande cha waya kama mtu aliyetoka kuua nyoka.

Sitaki kumpamba. Alikuwa na kichwa kigumu, na alipokosea alikosea kwa sauti. Kuna kiangazi kimoja spika za kanisa zilianza kuunguruma upya, naye akashikilia kwamba ni kinu cha kusaga mahindi cha jirani. Alimwendea mwenye kinu, akamgombeza, akamlazimisha kuzima mashine wateja wakiwa wamepanga mabeseni. Mlio ukaendelea. Hapo ndipo alipogundua kwamba ulitoka kwenye taa yake mwenyewe ya kusomea, aliyokuwa ameichomeka karibu na kinanda ili aone nota alipoipigia kwaya. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama bila kualikwa.

"Minyi nilikosa," alisema. "Papa wa kinu hana kosa. Ile mulio ilikuwa ya minyi." Kisha akamtaka mwenye kinu asimame aonekane, na mtu wa watu akasimama kwa aibu kubwa kuliko yule aliyekosa.

Halafu kuna habari ya chumvi. Nyuma ya ofisi yangu alizika chuma kirefu na kukiunganisha na waya, ili umeme wa ziada upate njia ya kwenda ardhini. Lakini kiangazi cha Kamina hukausha udongo mpaka unapasuka, na udongo mkavu haupokei kitu. Basi kila juma alikuja na ndoo ya maji ya chumvi, akakimwagia kile chuma polepole huku akiimba wimbo wa kanisa kwa pumzi ndogo. Mke wa shemasi alimwona. Kufika Ijumaa mji mzima ulijua kwamba Mama Prof analisha kitu nyuma ya ofisi ya mchungaji. Mchungaji akamwita. Alikuja na ndoo yenyewe, pamoja na ubao mdogo, akaeleza, akachora, akaeleza tena, mpaka mchungaji akainua mikono.

"Mama, endelea tu na chumvi yako."

Rafiki yake wa kugombana naye alikuwa mfanyabiashara mmoja wa barabara ya soko, Mwislamu, wa familia zilizotoka Maniema zamani. Tulimwita Papa wa Duka. Aliuza redio, kaseti, betri, sabuni na chumvi hiyo hiyo. Mama Prof alikuwa akijaribu kila kitu dukani kabla ya kukataa kukinunua.

"Mama, mimi sina spika mbaya," Papa wa Duka alimwambia. "Wewe una masikio mabaya."

Lakini mwezi wa mfungo ulipokaribia, na kipaza sauti cha msikiti kikaanza kuunguruma kuliko mwadhini, Papa wa Duka alikwenda kumwita yeye. Mama Prof alikwenda na kilemba chake, akachomoa kimoja kimoja, akarudi na mtungi wa samli. Sijui kama walipendana sana, ila sikuwahi kusikia mmoja akimsema mwenzake vibaya akiwa hayupo.

Sasa niseme juu ya mume wake, maana bila yeye picha hii haikamiliki. Alikuwa mashinisti, dereva wa treni, mtu mpole mwenye masikio mazito kwa ajili ya injini. Watu walicheka: mwanamke asiyevumilia mlio wa spika ameolewa na mtu wa dizeli. Lakini ile injini, Mama Prof alisema, ilikuwa inasema kitu. Nyumba yao ilikuwa karibu na reli, na aliweza kutambua kila mashine kwa mlio wake kabla haijafika kwenye taa za stesheni. Mume akirudi safari hakumletea kitenge. Mara moja alimletea kichuma kidogo, saizi ya kiberiti, alichokitoa kwenye simu ya stesheni iliyokufa na kutupwa. Ilikuwa transfo, yaani transfoma ndogo, yenye nyaya mbili zilizozungushwa karibu karibu bila kukutana. Mama Prof alitembea nayo kwenye mkoba, amefunga kwenye leso.

Vita vya pili vilipoanza, mume alipangiwa treni ya kwenda kaskazini, njia ya Kabalo. Alipewa mashine ambayo hajawahi kuiendesha, iliyokuwa imeletwa Kamina juma lile lile kutoka kusini. Ilikohoa. Inanguruma vizuri, kisha inaruka pigo moja, kisha inanguruma tena. Mama Prof alisimama nyuma ya nyumba na kuisikiliza ikipita, akamfanyia mume wake ishara kwa mkono kwamba mashine hiyo ni mgonjwa. Mume akacheka kutoka dirishani. Baada ya siku chache njia ilikatwa, treni ikabaki upande wa pili wa vita, na hakuna aliyerudi.

Kesho yake, baada ya habari hiyo kufika, Mama Prof alifundisha. Nilimsikia kutoka ofisini, sauti ile ile, mawe yale yale. Nilikaa na kalamu mkononi, sikuandika neno.

Ni kipindi hicho ofisi yetu ilikuwa imepata kompyuta kutoka kwa makanisa rafiki, pamoja na spika mbili ndogo za mezani. Tukaipatia kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Wafanyabiashara wa baiskeli walikuwa wanavuka mstari wa vita na samaki wakavu na nguo, na ndani ya mizigo walificha kaseti. Watu wa ng'ambo walisema habari zao kwenye kaseti, watu wa kwetu wakajibu. Kaseti zenyewe zilikuwa adimu, hivyo kila moja ilibidi irudi na jibu lililorekodiwa juu ya sauti ile ile. Ndiyo sababu tulinakili kwanza sauti kwenye kompyuta, ili familia ibaki nayo. Jumatano akina mama waliketi kwenye benchi ofisini, wakisubiri kuitwa.

Siku za mwanzo mlio ulitushinda. Mama mmoja aliyekimbia na wajukuu alisikiliza kaseti ya kijana wake, akatikisa kichwa, akasema, "Hii haiko mutoto wangu," akaondoka. Alikuwa ni mtoto wake. Mlio ulikuwa umekula sauti ya kijana mpaka ikabaki nyembamba, isiyo ya mtu yeyote. Nilipomsimulia Mama Prof, alisimama hapo hapo akavaa viatu.

Alisikiliza mlangoni, hakusalimia kabisa. Alianza. Akasogeza spika mbali na kioo cha kompyuta, mlio ukapungua. Akakuta nimechomeka spika kwenye ukuta huu na redio ya kaseti kwenye ukuta ule. Akaviweka vyote kwenye ralonje moja, waya wa kurefusha umeme, mlio ukapungua tena. Kisha akaona nyaya zangu. Mimi napenda usafi, nilikuwa nimefunga waya wa umeme na waya wa sauti pamoja kwa mpira, vizuri sana.

"Nani alifunga hizi?"

"Ni minyi, Mama. Ili ikuwe propre."

"Ni propre kwa macho," alisema, akaukata mpira kwa meno.

Bado kulikuwa na uzi mdogo wa mlio, ule unaozunguka kutoka redio hadi kompyuta na kurudi. Alitazama muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akafungua leso, akatoa ile transfo. Nilimwambia hapana, hiyo ni ya Papa wa nyumbani kwako, tutatafuta nyingine.

"Utatafuta wapi?" alisema. Aliiunganisha katikati, kati ya redio na kompyuta. "Angalia. Waya hazigusane, lakini sauti inapita."

Mlio ukakatika. Tukamwita tena yule mama wa wajukuu. Aliposikia, hakulia kama nilivyotarajia. Aligombeza spika. Alimwuliza kijana wake kwa nini hakula, kwa nini sauti yake imekonda hivyo, na sisi tukatoka nje tukamwacha.

Tangu hapo Mama Prof alikuja kila Jumatano. Alisema anakuja kukagua mlio. Alikaa mwisho wa benchi, akawasikiliza waume na watoto wa watu wengine, na kaseti zikiisha aliinuka, akasema "haiko kitu", akaenda. Sote tulijua alikuwa anasubiri nini. Muuza samaki mmoja alikuwa ametangaza sokoni kwamba mashinisti wa ile treni waliuawa wote. Mwingine alisema walionekana. Mama Prof hakubishana na yeyote kati yao, yeye aliyebishana hata na mchungaji. Nilimwonea huruma, na nilimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kiangazi kilichofuata, siku chache kabla sijahamishiwa ofisi ya Likasi. Papa wa Duka alikuja ofisini na kaseti ndani ya kofia yake. Jamaa yake alikuwa ameipokea kwa mtu, ambaye aliipokea kwa mtu. Walioileta walisema ni ya mke wa mashinisti, lakini haikuwa na jina wala tarehe. Hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu tulishapata kaseti za zamani, zilizorekodiwa kabla ya vita, ambazo watu waliziokota na kuzileta wakitumaini kupewa chakula. Kusikia sauti ya marehemu anayesema yuko mzima ni kitu ambacho sikumtakia mtu.

Mama Prof alifika, akasimama mlangoni, akainamisha kichwa. Chumba kilikuwa kimya. Akasalimia, akaketi, safari hii mwanzo wa benchi.

Nikabonyeza. Ilikuwa sauti ya mume wake, hilo hakuna aliyelitilia shaka. "Mama, minyi niko. Usitoke ku nyumba. Salimia bote." Ikakatika hapo. Maneno ambayo angeweza kuyasema mwaka wowote, kutoka safari yoyote. Na chini ya maneno kulikuwa na mlio.

Mama Prof aliinua kiganja. Akainuka, akaanza kuchomoa. Alichomoa kioo cha kompyuta. Iko. Akarudisha. Akasogeza spika, akagusa transfo, akaenda nyuma kumwaga maji kwenye chuma, akarudi. Iko.

"Mama," Papa wa Duka alisema taratibu, "labda ni kaseti ya zamani. Imechakaa."

"Zima grupe," akaniambia.

Nikazima jenereta. Kompyuta ikafa, taa ikafa. Alichukua redio, akatia betri mpya ambazo Papa wa Duka alizitoa mfukoni bila kuulizwa, akarudisha kaseti mwanzo na kuicheza kwa spika ya redio peke yake, chumba kizima bila umeme. Mlio ulikuwa pale pale.

"Haiko yetu," alisema. "Tumetoa yote ya kwetu. Hii ni ya kwake."

Nilikuwa nimefundishwa juma lile programu ya kompyuta inayoweza kufuta mlio uliorekodiwa. Nikamwambia, kwa kumtakia mema, kwamba naweza kuusafisha, abaki na sauti tupu.

"Usiguse."

Alirudisha mwanzo tena. Safari hii niliona hakusikiliza maneno. Alifumba macho, kidole kikawa kinagonga paja lake, kinagonga, kinagonga, kikaruka, kikagonga tena. Aliposimamisha kaseti alibaki ameweka mkono juu ya redio.

"Inakohoa," alisema. "Ni ile masini. Hakuiendeshaka mbele ya ile siku alienda, hata mara moja; kaseti haiko ya zamani. Na masini haingurumi yenyewe, muntu anaiwasha."

Papa wa Duka alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Mama Prof alilia sasa, wazi, bila kujificha, akijifuta kwa ile leso iliyobaki bila transfo, na katikati ya kulia akanigombeza kwamba betri zinaisha.

Tukawasha jenereta, tukanakili sauti pamoja na mlio wake wote. Ikabaki kurekodi jibu kwenye kaseti ile ile. Nilifunga madirisha kama kawaida, nikawaomba watu wa nje wanyamaze, nikamsogezea kiti. Aliangalia chumba, ambacho yeye ndiye aliyekifanya kimya.

"Hapa apana," alisema. "Hapa kunaweza kuwa fasi yoyote. Atajuaje kama niko ku nyumba? Leta redio."

Nikambebea redio mpaka kwake, uwanja wa shule, barabara ya reli, ua wa miti. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akaniambia nifungue banda. Bata walitoka wote kwa pamoja wakidai chakula, na jirani akachungulia juu ya ua. Kwa mazoea ya Jumatano zote zile nilianza kuwafukuza mbali na redio.

"Baache," alisema. "Bamusalimie."

Akawatupia mahindi karibu kabisa na miguu yake, akanipa ishara kwa kichwa, nami nikabonyeza.